NGOZI KAVU INAYOWAKA: NI NINI YA KUPAKALA, NA NI NINI YA KUACHA



Tangu mwezi wa tano baridi na vumbi vimerudi hapa Lubumbashi, na kila asubuhi mbele ya mlango wa infirmeri tunaona mstari wa watu wanaojikuna. Midomo imepasuka, magoti yana rangi ya majivu, na wengine uso unawawaka kama mtu aliyejipangusa kwa mikono yenye pilipili. Sisi makapita tunaulizwa kila jioni: "Yaya, ni mafuta gani iko muzuri?" Tumeomba nafasi katika gazeti letu tujibu mara moja kwa wote, maana majibu yanayotembea katika dortuari, mengine ni ya hatari. Sisi si waganga. Tulimwuliza munganga wa infirmeri, tukasoma, na mambo ya sabuni tuliyapima wenyewe katika chumba cha kemia.

Tuanze na ngozi yenyewe. Tabaka yake ya juu kabisa ni sawa ukuta wa matofali. Matofali ni seli zilizokwisha kufa, na katikati yake kuna mafuta ya asili yanayofanya kazi ya simenti. Ukuta huo unazuia maji ya mwili yasitoke ovyo, tena unazuia vumbi, sabuni na vijidudu visiingie. Mwenye ngozi kavu, simenti yake ni haba. Maji yanapotea, matofali yanaanza kubanduka, na katika nyufa zile kila kitu kinapita na kuuma. Ndiyo sababu mtu mmoja anapakala mafuta yenye manukato bila shida, na jirani yake wa kitanda akipakala mafuta yale yale analia.

Mji wetu unaongeza taabu. Tuko karibu metre 1200 juu ya bahari, na kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua ni kama hakuna. Hewa kavu inanyonya maji ya ngozi usiku na mchana. Jua nalo, hata kukiwa na baridi, linachoma zaidi kuliko kule chini pwani, kwa sababu kadiri mtu anavyopanda juu, ndivyo mionzi inavyozidi.

Sasa sabuni. Siku moja ya posho, kwa ruhusa ya mwalimu wa kemia, tulipanga bilauri nne mezani: maji yenye sabuni ya kufulia, ile ya kipande, maji yenye sabuni ya kuogea yenye manukato, maji ya limao, na maji yenye bikarbonati. Tukachovya karatasi za pH. Limao ilionyesha karibu na 2. Bikarbonati, karibu na 8. Sabuni zote mbili zilipanda kati ya 9 na 10, na ile ya manukato haikuwa bora kuliko ya kufulia kwa jambo hili. Ngozi ya uso, yenyewe, inakaa karibu na 5. Kwa hiyo anayejisugua uso kwa sabuni mara tatu kwa siku anaondoa simenti, halafu anashangaa kwa nini ukuta unaanguka. Na anayepakala limao ili "kusafisha" anakimbia sabuni na kuingia katika asidi. Dawa ya meno juu ya vipele ni shauri la namna ile ile.

Mpaka hapa ni ngozi kavu ya kawaida, na karibu sisi wote tunaijua. Lakini kuna ugonjwa mmoja unaojificha nyuma yake, na huo ndio uliotufanya tuandike. Waganga wanauita rozasea.

Rozasea ni ugonjwa wa uso wa kudumu, unaokuja na kurudi. Mishipa midogo ya damu katika mashavu, pua, kidevu na paji la uso inafunguka upesi kupita kiasi, na uso unapata joto. Baadaye joto linabaki. Vipele vinatoka, vingine na usaha, lakini havina vile vichwa vyeusi tunavyoona kwa chunusi za ujana. Ngozi inakauka na kuuma ikiguswa. Kwa wengine ugonjwa unafika katika macho: yanakuwa mekundu, makavu, kama kuna mchanga ndani. Mara nyingi unaanza baada ya miaka 30, lakini vijana pia wanaupata. Hauambukizi hata kidogo.

Vitabu vingi vinasema: utaujua kwa wekundu. Hapo ndipo sisi tunapotea. Picha za vitabu ni za watu weupe wenye mashavu kama nyanya. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani vile. Unaonekana kama kahawia iliyokolea, au kama zambarau kidogo, au hauonekani kabisa, na mgonjwa anabaki na maneno yake tu: "Inaniunguza." Watu wanamtazama, hawaoni kitu, wanasema ni majivuno au ni chunusi. Matokeo yake ni kwamba kwa watu weusi ugonjwa huu unajulikana kwa kuchelewa, baada ya dawa nyingi zisizo zake. Mwaka 2020, huko London, mwanafunzi mmoja wa udaktari, Malone Mukwende, alishirikiana na walimu wake kutoa kitabu kidogo kiitwacho Mind the Gap, kinachoonyesha alama za magonjwa katika ngozi nyeusi na kahawia, kwa sababu aliona darasani wanafundishwa karibu zile za ngozi nyeupe tu. Alikuwa bado mwanafunzi. Tunalitaja jambo hili makusudi kwa wale wa biolojia-kemia.

Kwa hiyo katika ngozi yetu tusitafute rangi kwanza. Tuulize: je, uso unawaka ukitoka juani? Ukinywa chai ya moto? Je, vipele vimekaa katikati ya uso tu? Je, hata maji matupu yanauma? Weka mgongo wa mkono juu ya shavu, halafu juu ya shingo. Kama shavu lina joto zaidi, hilo ni jambo la kumwambia munganga.

Kuna rozasea inayokuja yenyewe, na kuna nyingine inayofanana nayo ambayo tunajinunulia sokoni. Hii ya pili ndiyo inayotusumbua zaidi katika internati.

Mwenzetu mmoja ametupa ruhusa tueleze habari yake bila jina. Mashavu yake yalikuwa makavu wakati wa baridi. Rafiki akampa tyubu ndogo, ya bei ndogo, akamwambia: "Pakala hii, masiku tatu utaona." Kweli masiku matatu yakatosha. Uso ukawa laini, ukang'aa, ukaanza kuwa mweupe kidogo, na wasichana wa dortuari nzima wakataka kujua siri. Akaendelea miezi minne. Halafu tyubu ikaisha na feza hakuna. Siku ya pili uso ukavimba, ukawaka, vipele vikajaa kuzunguka mdomo na pua. Akakopa feza, akanunua nyingine, ukapoa. Akaacha tena, ukarudi mkali kuliko mbele. Wakati huo sahani yake ilianza kutengwa katika refektwari, maana mtu alitangaza kwamba ni ugonjwa wa kuambukiza. Alikula peke yake karibu wiki tatu. Sisi makapita tuliliona jambo hilo na tulilisimamisha. Tangu siku ile anakula na wenzake.

Ni nini kilichokuwa ndani ya tyubu? Jina lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndogo: clobétasol. Ni dawa ya jamaa ya kortizoni, tena katika zile kali kabisa. Munganga anaweza kumpa mgonjwa wa eczéma nzito mikononi, kwa siku chache, akimfuata. Si ya uso, na si ya kupakala kila siku kama mafuta. Kazi yake ni kubana mishipa ya damu na kunyamazisha uvimbe. Ndiyo maana siku za kwanza mtu anaona muujiza. Lakini akiendelea, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, ukuta unazidi kudhoofika, na mishipa inazoea kubanwa. Siku anapoacha, mishipa inafunguka yote pamoja, na moto unawaka. Mtu anafikiri kukosa dawa ndiyo ugonjwa, kumbe dawa ndiyo iliyouleta. Ikipakaliwa karibu na macho kwa muda mrefu inaweza hata kupandisha msukumo ndani ya jicho na kuharibu kuona.

Yeyote aliyekwisha kutumia tyubu ya namna hiyo kwa wiki nyingi asiitupe leo usiku na kubaki kimya. Aende kwanza kwa munganga nayo mkononi. Wengine wanaachishwa pole pole, wengine wanapewa dawa ya kushusha moto wakati wa kuacha. Uso utakuwa mbaya kwa muda, wiki kadhaa au hata miezi, kabla ya kuwa muzuri. Huyu mwenzetu sasa ni mwezi wa tatu. Anasema kuwaka kumepungua na analala usiku.

Kusoma maandishi ya tyubu ni somo dogo, lakini tunajua Kifaransa cha kutosha. Ukiona clobétasol, bétaméthasone, dexaméthasone au fluocinonide, hiyo ni kortizoni. Ukiona hydroquinone, hiyo ni ya kuchubua. Ikitumiwa miaka inaweza kuacha madoa ya bluu-nyeusi yasiyotoka tena, kama yale ambayo waganga wa Afrika ya Kusini waliyaeleza mwaka 1975, na nchi ile ikaikataza katika vipodozi mwaka 1990. Majirani zetu wa Rwanda walianza kuiondoa kwa nguvu katika maduka mwishoni mwa mwaka 2018. Ukiona mercure, calomel au Hg, ni zebaki, sumu ya figo na ya mishipa ya fahamu. Mapatano ya Minamata ya mwaka 2013 yaliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni, lakini tyubu za namna hiyo bado zinazunguka masokoni. Kuna alama moja ambayo wachache wanaijua: kama maandishi yanakuonya usiguse kwa mafuta hayo pete ya feza, ya zahabu au ya aluminiamu, ujue zebaki inaweza kuwa ndani, maana inakula madini. Na kama hakuna maandishi yoyote, au mafuta yamekorogwa katika kopo na muuzaji mwenyewe, hapo hakuna la kusoma. Acha.

Sasa tujibu ile swali ya jioni. Ni mafuta gani iko muzuri? Tunajibu kwa kuuliza: umeondoa yapi? Mtu mwenye ngozi kavu inayouma kwa kawaida ana vitu vitano au sita katika sanduku, na kila kimoja alikiongeza ili kutengeneza ubaya wa kile cha mbele. Ngozi kama hiyo haihitaji kitu cha saba.

Kwa wiki mbili, weka pembeni mafuta yenye manukato, limao, dawa ya meno, bikarbonati, maji ya kolonya, wavu wa kujisugulia na kila kitu chenye kuahidi weupe. (Kortizoni peke yake, kama tulivyosema, ni kwa mkono wa munganga.) Baki na maji, sabuni kidogo, na vazelini nyeupe isiyo na harufu. Ndiyo hiyo tu. Tunajua wengi watasikitika, maana vazelini inauzwa kila mahali na haina sifa. Lakini hakuna kitu cha bei ile kinachofunga maji ndani ya ngozi kama yenyewe.

Namna ya kuitumia ndiyo siri. Vazelini haileti maji. Inafungia yale yaliyopo. Ukiipakala juu ya ngozi iliyokwisha kukauka, umefunga mlango wa chumba kitupu. Osha uso kwa maji baridi kidogo au ya uvuguvugu, ya moto hapana. Wale wanaopata bidoni ya maji ya jikoni wachanganye kwanza. Uso usipewe sabuni zaidi ya mara moja kwa siku, jioni, baada ya vumbi; asubuhi maji yanatosha. Sabuni iende makwapani, miguuni na pale panapotoa harufu, isisuguliwe mwili mzima. Oga upesi. Jifute kwa kugusagusa na kitambaa laini, bila kusugua, na kabla dakika tatu hazijapita, ngozi ikiwa bado na unyevu, chukua vazelini ya kadiri ya punje ya haragi, ipashe joto katikati ya viganja, na uibandike juu ya uso. Ikitoa mng'aro kama sufuria, umepakala nyingi.

Wengine wanapenda gliserini. Ni nzuri, inavuta maji, lakini katika hewa kavu kama yetu, gliserini tupu inaweza kuyavuta kutoka ndani ya ngozi yenyewe. Ichanganywe na maji yaliyochemshwa na kupoa, sehemu moja kwa mbili au tatu, kidogo kidogo kwa siku chache tu, maana inaharibika. Na vazelini ipite juu. Kuna pia watu ambao uso wao unachukia vazelini mchana, wanasikia joto. Hao waipakale usiku, na mchana watafute kremu nyepesi isiyo na manukato.

Baada ya wiki mbili, kama kuwaka kumetulia, unaweza kujaribu kitu kipya. Kimoja tu. Usikianzie usoni: kipakale ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku, siku saba. Kikiwasha, umeokoa uso wako. Kisipowasha, kipeleke usoni na ungoje. Ngozi inajifanya mpya kwa karibu wiki nne, kwa hiyo anayebadilisha mafuta kila siku ya Mungu hatajua kamwe ni yapi yaliyomsaidia.

Kwa mwenye rozasea mafuta peke yake hayatoshi; lazima ajue pia nini kinaamsha moto wake. Achukue daftari la zamani, aandike kila siku alikuwa wapi na alikula nini kabla ya kuwaka. Jua la saa sita uwanjani ni la kwanza kwa wengi, na kofia pana ni dawa ya bei ndogo kuliko kremu ya jua; anayeweza kununua kremu atafute ile ya oxyde de zinc, kipimo 30 au zaidi. Ngozi nyeusi inajikinga zaidi na jua, lakini rozasea haiangalii hilo. Zamu ya kusonga bukari mbele ya moto ni nyingine. Tumekubali, anayeleta barua ya munganga abadilishiwe zamu hiyo na kupewa ya kufagia; asionekane mvivu. Pilipili, kwa wengi ndiyo, kwa wengine hapana, daftari litasema. Chai, jambo ni joto lake kuliko majani yake: waganga walijaribu kahawa ya moto na kahawa iliyopoa, na ile iliyopoa haikupandisha joto la uso. Iache kikombeni dakika kumi. Pombe pia ni adui mkubwa, lakini hilo katika internati yetu halipaswi kuwa na mtu wa kuliandika katika daftari.

Wavulana wanaonyoa ndevu wasinyoe ngozi kavu, na wembe mmoja usizunguke vitanda vitatu.

Kama baada ya wiki sita hivi uso bado unawaka, dawa za rozasea zipo, za kupakala kama métronidazole, acide azélaïque na ivermectine, au za kumeza. Zinapunguza, hazing'oi, na zinaandikwa na munganga. Usinunue kwa kukisia, kwa sababu kuna magonjwa mengine yanayokaa mahali pale pale. Alama kama kipepeo juu ya mashavu pamoja na homa na maumivu ya viungo inataka hospitali. Doa ambalo halisikii ukiligusa kwa unyoya, nalo ni la kuonyeshwa upesi. Linaweza kuwa ukoma, na ukoma unapona kwa dawa. Na macho yenye mchanga yasingoje wiki sita.

Tumepatana na munganga jambo moja. Kila siku ya posho saa tatu ya asubuhi atakaa na meza katika chumba kidogo cha infirmeri, mlango umefungwa. Kila mtu anaweza kuleta tyubu au kopo lake lisomwe. Jina la mwanafunzi halitaandikwa, hakuna atakayeulizwa nani alimpa au nani alimuuzia, na sisi makapita hatutasimama mlangoni. Wasichana wanaoogopa kwenda peke yao waje wawili wawili.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho